Upasuaji wa Kurekebisha Ulizaliwa Kwenye Ndewe

Historia ya upasuaji wa kurekebisha maumbile, kama inavyosimuliwa katika vitabu vingi, huanzia kwenye pua. Toleo la Oktoba 1794 la jarida la Gentleman's Magazine la London lilichapisha barua na picha ya Cowasjee, mswaga ng'ombe aliyelitumikia jeshi la Waingereza huko India katika vita vya 1792 dhidi ya mtawala wa Kihindi Tipu Sultan. Alitekwa na watu wa Tipu, akakatwa pua na mkono mmoja. Baadaye, karibu na mji wa Pune, fundi wa tabaka la wafyatua matofali alichukua kipande chembamba cha nta, akakifinyanga kuwa umbo la pua, akakilaza kwenye paji la uso la Cowasjee na kuchora alama kukizunguka. Kisha akakata ngozi hiyo bila kuitenga kabisa, akaigeuza chini na kuiunga mahali pua ilipokuwa. Joseph Constantine Carpue, mpasuaji wa London, alizisoma habari hizo, akajizoeza kwa maiti, na mwaka 1814 akamfanyia ofisa mmoja wa jeshi upasuaji wa namna hiyo hiyo. Kitabu chake cha 1816 kikaueneza ujuzi huo Ulaya. Ni kisa cha kweli, kina vita, ukatili na ushindi ndani yake, na si ajabu kwamba waandishi hukikimbilia. Lakini anayekifuatilia kisa hicho hadi kwenye maandishi ya kale yaliyoueleza ujuzi wenyewe haanzi kukutana na pua. Anakutana kwanza na ndewe, ile nyama laini iliyo chini ya sikio, mahali tunapotoga ili tuvae hereni.

Maandishi hayo ni Sushruta Samhita, kitabu cha tiba cha Kisanskriti chenye jina la tabibu Sushruta, ambacho chenyewe husema elimu yake ilitoka kwa mwalimu aliyekaa Kashi, mji unaoitwa leo Varanasi. Maelezo ya kutengeneza pua yamo katika sehemu yake ya kwanza, sura ya 16, na kila mwandishi wa historia ya upasuaji huyataja. Kinachotajwa mara chache ni kichwa cha sura hiyo na mpangilio wake. Sura karibu yote ni ya masikio. Huanza na namna ya kumtoga mtoto, ikaendelea na kulipanua tundu, kisha ikaeleza namna ya kuiunga ndewe iliyopasuka au iliyokatika, kwa njia 15 zenye majina. Pua huja mwishoni kabisa, kwa beti chache, na mdomo uliokatika hupewa neno moja tu, kwamba utengenezwe kwa mfano wa pua. Hoja yangu inatokana na mpangilio huo. Pua iliyoushangaza ulimwengu mwaka 1794 ni tawi. Shina lake ni ndewe, na waliojifunza kuhamisha ngozi hai kutoka sehemu moja ya uso hadi nyingine walijifunza hivyo kwa sababu ya masikio yaliyochanika kwa mapambo.

Tuisome sura hiyo taratibu, maana imeandikwa na mtu aliyeyashika masikio kwa mikono yake. Mtoto hutogwa akiwa na miezi sita au saba, ili kumkinga na madhara na kumpamba. Hukalishwa kwenye mapaja ya mlezi, akabembelezwa kwa vitu vya kuchezea. Tabibu hulivuta sikio kwa mkono wa kushoto na kuliinua penye mwanga wa jua, atafute pale ambapo maumbile yenyewe yameacha upenyo, mahali ambapo mwanga unapita katika nyama. Hapo, kwa mkono wa kulia, hutoboa taratibu na moja kwa moja: kwa sindano kama ndewe ni nyembamba, kwa msharasi kama ni nene. Mvulana huanza na sikio la kulia, msichana la kushoto. Damu ikitoka nyingi na maumivu yakizidi, ni dalili kwamba alitoboa pasipostahili, na kitabu kinaitaja mishipa mitatu kwa majina, pamoja na homa, uvimbe na maumivu yanayofuata ikichomwa. Utambi wa pamba hutiwa katika tundu, ukapakwa mafuta, na kila baada ya siku tatu ukabadilishwa kwa mnene zaidi. Kidonda kikipona, kazi ya kupanua huanza, kwa vijiti vya miti maalumu au kwa risasi, ile metali nzito.

Hapo ndipo penye chanzo cha mambo yote yanayofuata. Baada ya kueleza upanuaji, kitabu kinasema waziwazi kwamba sikio lililopanuliwa hivyo huweza kugawanyika mara mbili, kwa ugonjwa wa mwili au kwa kuumizwa. Ukiangalia sanamu za kale za India utaelewa ukubwa wa jambo. Wafalme, malkia na miungu wamechongwa wakiwa na mapambo mazito masikioni, na Buddha mwenyewe huonyeshwa na ndewe ndefu zilizo tupu, za mwana wa mfalme aliyeyavua mapambo yake. Katika jamii ambamo karibu kila mtoto alitogwa na wengi wakapanuliwa ndewe, waliochanika hawakukosekana, kizazi baada ya kizazi. Waliokatwa pua walikuwa ni waliohukumiwa au waliotekwa, na hao walikuwa wachache. Tabibu aliyesubiri pua ili ajifunze kazi angeweza kungoja miaka. Masikio yalimfuata mlangoni pake.

Majina ya zile njia 15 hueleza umbo la kilichobaki na namna ya kukiunga. Mtu ambaye vipande vyake viwili vya ndewe vimelingana huungwa kwa namna moja. Ambaye kipande kimoja ni kirefu na kingine kifupi huungwa kwa namna nyingine. Njia 10 zinahesabiwa kuwa zinafaa. Tano za mwisho ni za masikio yaliyokauka, yaliyosinyaa au yaliyobaki na nyama haba, na kitabu kinasema hayo hayaungiki. Nauthamini sana ukweli huo. Tabibu anayeandika kwamba hali tano kati ya 15 hazina tiba ni tabibu aliyejaribu na kushindwa, kisha akawa na uaminifu wa kuwaambia wanafunzi wake.

Njia moja kati ya zile 10 ndiyo inayobeba hoja yangu. Huitwa gandakarna, yaani sikio la shavu. Mtu asiye na ndewe kabisa, kitabu kinaelekeza, atengenezewe mpya kwa nyama hai ya shavu lake, na nyama hiyo isikatwe ikatengana, bali iachwe imeshikamana na mahali pake kwa upande mmoja. Sababu tunaijua leo: kipande kilichoachiwa shina huendelea kupata damu kupitia shina hilo mpaka makao yake mapya yatakapokilisha. Huo ndio msingi uliomfaa fundi wa Pune kwenye paji la uso la Cowasjee, ndio uliomfaa Carpue, na ndio ambao madaktari wa leo huutumia kufunika vidonda vya moto na vya saratani. Na tazama pua inavyoelezwa baadaye katika sura ile ile: jani lenye ukubwa wa pua huchukuliwa kuwa kipimo, ngozi ya shavu ikakatwa kwa kipimo hicho, ikabaki imeshikamana, ikageuziwa puani. Shavu ni lile lile na kanuni ni ile ile. Mwandishi alikuwa amekwisha kuifundisha kwenye sikio, ndiyo maana pua haikuhitaji maneno mengi.

Ushahidi wa pili umo katika sura ya 9 ya sehemu hiyo hiyo, inayohusu mazoezi ya mwanafunzi kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Kukata hufundishwa kwa maboga na matango. Kushona hufundishwa kwa vitambaa na ngozi laini. Kufunga bendeji hufundishwa kwa sanamu za watu. Katika orodha hiyo kuna zoezi linalojitegemea la kuunga ndewe, na mwanafunzi hulifanya kwa vipande vya nyama laini na kwa mabua ya yungiyungi. Hakuna zoezi la pua. Kama pua ingekuwa ndiyo kazi kuu na sikio kiambatisho chake, orodha ya mazoezi ingeonyesha hivyo. Bua la yungiyungi ni laini, lina maji na huchanika upesi likishikwa vibaya, na aliyelichagua alijua hasa alichotaka vidole vya mwanafunzi vijifunze.

Kuna pingamizi la haki hapa, nalo linahusu tarehe. Wapo wanaoiweka Sushruta Samhita kwenye mwaka 600 KK bila kusita, lakini wataalamu wa maandishi ya Kisanskriti wanakiona kitabu hicho kuwa ni kazi ya tabaka kwa tabaka, iliyoanza karne za mwisho kabla ya Kristo na kukamilika kufikia karibu mwaka 500 BK. Kama kilipitia mikono mingi, nani ajuaye kama mpangilio wa sura ya 16 ni wa zamani? Jibu liko Kathmandu. Huko Nepal umehifadhiwa mswada wa majani ya mtende wenye tarehe inayolingana na mwaka 878 BK, na watafiti wanaoufanyia kazi miaka hii wametoa chapa na tafsiri ya sura hii hasa. Kuna tofauti kati yake na chapa za kisasa, kama inavyotarajiwa, lakini hata humo masikio yanatangulia na pua hufuata. Na hoja yangu haitegemei mwaka 600 KK. Inategemea utaratibu wa mafundisho, na utaratibu huo unabaki vile vile hata ukikisogeza kitabu miaka 1,000 mbele.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka Roma. Aulus Cornelius Celsus, aliyeandika kitabu cha tiba katika karne ya 1 BK, naye anaeleza marekebisho ya ndewe katika kitabu chake cha saba. Tundu dogo katika sikio la mwanamume, anasema, lichomwe upesi kwa sindano ya moto ili kingo zipate kidonda, kisha zitashikana. Kama tundu ni kubwa, kama lilivyo kwa waliovaa mapambo mazito, basi sehemu iliyobaki chini yake ikatwe, kingo zikwanguliwe kwa kisu, zishonwe na kutiwa dawa ya kushikamanisha. Sehemu inayofuata inahusu masikio, midomo na pua zilizopungukiwa nyama. Je, hilo halivunji dai la India? Mimi naona linaliimarisha dai langu, kwa kuwa sikusema kwamba upasuaji huu ni mali ya nchi moja. Nilisema ulizaliwa kwenye ndewe. Kuna watu wawili wa mbali ambao hakuna dalili kwamba mmoja alimsoma mwenzake, na wote wawili wanaanza na sikio lililotogwa, wanagundua jambo lile lile kuhusu kingo, na kisha wanasogea kwenye pua na mdomo.

Ugunduzi huo kuhusu kingo unafaa kuelezwa, kwani ndio unaomtenganisha tabibu na mshona nguo. Ndewe iliyochanika zamani haina kidonda tena. Ngozi imekwisha kuota pande zote mbili za mpasuko, na ngozi nzima haishikani na ngozi nzima hata ukiishona kwa nyuzi bora duniani. Ukitoa nyuzi, vipande vinaachana. Mkulima anayebebesha mwembe anajua kanuni hii: lazima akate pande zote mbili zipate kidonda, azilingishe, azifunge, ndipo zishikane. Sushruta anaamuru kukwangua na kukata, Celsus anaamuru kisu au moto. Baada ya hapo ndewe yenyewe husaidia, maana haina gegedu kama sehemu ya juu ya sikio. Ni ngozi na mafuta, ina damu ya kutosha, na hupona upesi. Ni mahali pazuri pa kujifunzia: kosa halimuui mgonjwa, na fundi huyaona matokeo ya kazi yake kwa macho, akiwa na mgonjwa aliye hai wa kumwambia kama ameridhika.

Waroma walikuwa na sababu yao ya kutaka tundu lizibwe, na sababu hiyo inatoa mwanga mwingine. Kwao mwanamume mwenye sikio lililotogwa alionekana kuwa mtu wa mashariki, na mara nyingi mtumwa au aliyewahi kuwa mtumwa. Juvenal, mshairi wa mwanzo wa karne ya 2, anamchora tajiri aliyeachwa huru ambaye anakiri kuwa alizaliwa kando ya mto Frati, kwa sababu hata akikana, matundu ya masikio yake yatamuumbua. Mtu huyo alikuwa na fedha na uhuru. Kilichombakia cha utumwa ni matundu mawili madogo. Celsus alipoandika kwamba tundu katika sikio la mwanamume huchukiza, alikuwa akiwahudumia watu wa namna hiyo. Huko India, kwa upande mwingine, ndewe iliungwa ili itogwe na kupanuliwa tena, na sura ya 16 inatoa maelekezo ya mafuta ya kuikandia ikue baada ya kupona. Upasuaji ni mmoja, makusudi mawili. Mmoja anataka alama ifutwe, mwingine anataka alama irudi. Tabibu wa kwanza aliyelazimika kumuuliza mgonjwa anataka kuonekanaje mbele ya watu, naamini, alikuwa ameshika ndewe mkononi.

Safari ya ujuzi huu baada ya hapo naipitia haraka. Mwishoni mwa karne ya 8 au mwanzoni mwa ya 9 kitabu cha Sushruta kilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad. Ibn al-Nadim, katika orodha yake ya vitabu ya mwaka 987, anaandika kwamba Yahya ibn Khalid wa ukoo wa Barmaki ndiye aliyemwamuru tabibu wa Kihindi aitwaye Mankah akitafsiri. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu mwaka 1013, anazungumzia kushona pua, mdomo na sikio katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake kikubwa, na sehemu hiyo ilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12. Mwaka 1597 Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alichapisha kitabu cha kutengeneza pua, midomo na masikio, akipendelea ngozi ya mkono. Sidai kwamba kila mmoja alimnakili aliyemtangulia, na fundi wa Pune huenda hakuwahi kushika kitabu chochote. Ninachoona ni kwamba kila ujuzi huu ulipoandikwa, sikio halikukosekana.

Karne ya 20 ililirudia sikio kwa namna ambayo Sushruta angeielewa vizuri. Tatizo la kushona mpasuko kwa mstari mnyoofu ni kwamba kovu husinyaa linapokomaa, likauvuta ukingo wa chini wa ndewe na kuacha pengo dogo. Wapasuaji wakaanza kukata kingo kwa pembe, kwa umbo la herufi Z au kwa ngazi, ili kovu livunjike njiani lisivute kwa nguvu moja. Kisha likaja swali la tundu. Mwaka 1961 Khoo Boo-Chai, mpasuaji wa Singapore, alieleza njia ya kuunga ndewe huku akiiacha sehemu ya juu ya mpasuko na ngozi yake, ili mgonjwa aondoke akiwa na tundu la hereni tayari. Mwaka 1973 Mmarekani A. M. Pardue alieleza nyingine, ya kukiviringisha kipande kidogo cha ngozi ya ukingo kiwe kuta za tundu jipya. Njia nyingi zimefuata. Siku hizi kazi hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, kwa muda usiozidi saa moja kwa kawaida. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili, na anayetaka kutogwa upya hushauriwa angoje miezi kadhaa na asitoge juu ya kovu. Ndewe iliyopanuliwa huhitaji kazi zaidi, kwa kuwa nyama imezidi: sehemu iliyokonda hukatwa na iliyobaki ikapangwa upya ipate mviringo.

Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa haki yake. Wamaasai, Wasamburu, Wakikuyu, Wameru, Wanandi, Wakipsigis na wengine wengi walitoga na kupanua ndewe, wanaume kwa wanawake, kwa vijiti, mbao na pembe zilizoongezwa ukubwa kidogo kidogo mpaka ndewe ikaning'inia. Pwani, kutoka Lamu hadi Unguja, wanawake walivaa majasi, na wengine walilijaza tundu kwa karatasi za rangi zilizoviringishwa. Shule, kanisa, ofisi na jeshi vilipoingia bara, ndewe ndefu ambayo kwa baba ilikuwa heshima ikawa kwa mwana sababu ya kudharauliwa. Wanaume wengi wa Kikuyu na wa Kikalenjin walikwenda kushonwa, na mpaka leo wako wazee wenye kovu fupi chini ya sikio linaloonyesha wazi kwamba hapo palikuwa na kitanzi cha nyama.

Wengine watasema kwamba kovu hilo ni alama ya kushindwa, kwamba mkoloni aliwafundisha watu wazionee haya nyuso zao na daktari akamsaidia kwa sindano na uzi. Sehemu ya maneno hayo ni kweli na haifai kufichwa. Walimu, wachungaji na maofisa waliyaita masikio hayo ya kishenzi, na kijana aliyetaka kazi alisikia. Lakini hukumu hiyo ikichukuliwa nzima inamnyang'anya mtu yule uamuzi wake. Aliyeachwa huru huko Roma naye aliishi chini ya dharau ambayo hakuianzisha yeye, na kuziba tundu lilikuwa jambo lililo ndani ya uwezo wake. Dharau ndiyo ya kulaumiwa. Upasuaji wenyewe hauna upande: mkono unaoweza kuifuta ndewe ndio unaoweza kuirudisha, na mwanamke aliyechanika sikio kwa hereni nzito huko Singapore, aliyetaka kuvaa tena, aliujia ujuzi ule ule kwa haja iliyo kinyume. Hata vijana wa Ulaya na Marekani waliopanua ndewe zao katika miongo ya karibuni, kisha wakataka kuingia jeshini au kazini penye masharti ya mavazi, wanaukuta mlango huo huo wazi. Jeshi la nchi kavu la Marekani, kwa mfano, halikubali ndewe zilizopanuliwa.

Limebaki pingamizi linalosikika zaidi hospitalini, kwamba haya yote ni urembo. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza kwa kawaida hailipii kurekebisha ndewe, kwa hoja kwamba mwenye ndewe iliyochanika hana ugonjwa. Nakubali kwamba fedha za umma zina mipaka, na mtoto mwenye mdomo sungura au mwanamke aliyeungua moto lazima atangulie. Nisichokubali ni kwamba kazi hii ni ndogo kwa maana ya kutokuwa na uzito. Iliyomfundisha mwanadamu kuhamisha ngozi hai haiwezi kuitwa mchezo. Na kwa watu wa huku kuna jambo la kitabibu lisilo na urembo ndani yake. Keloidi, lile kovu linalokua na kuvuka mipaka ya kidonda, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na ndewe ni mojawapo ya sehemu zinazoshambuliwa sana. Ikikatwa tu huelekea kurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza, kwa hiyo daktari huongeza sindano za dawa ya kupunguza kovu, au kibanio cha kugandamiza, na kumfuatilia mgonjwa kwa miezi. Aliyewahi kuota keloidi, au ambaye nduguze wamewahi, amwambie daktari kabla ya kutogwa na kabla ya kushonwa. Na yeyote mwenye tundu lililoanza kurefuka kuelekea chini aache hereni nzito mapema, kwa kuwa tundu lililorefuka ni rahisi kulirekebisha kuliko ndewe iliyokatika mara mbili.

Sehemu ya historia hii iliyo hatarini kupotea ni ya kwetu. Sura ya 16 imehifadhiwa Kathmandu na Celsus amechapishwa kwa lugha nyingi, lakini waliowashona wazee wa Kenya wengi wao wamekwisha kufariki, na walioshonwa wanazidi kupungua kila mwaka. Hospitali kongwe za misheni na za serikali zilizo na madaftari ya zamani ya chumba cha upasuaji ziyatunze, na zisiyachome kila zinapohamia jengo jipya. Vyuo vya utabibu vya Nairobi, Eldoret na Dar es Salaam viwatume wanafunzi wakawasikilize wazee hao: nani aliwashona, kwa njia gani, kwa malipo gani, na kwa nini walitaka. Na wewe msomaji, kama babu au bibi yako ana kovu chini ya sikio, muulize sasa, na uandike anachokueleza.